Povu Juu ya Tangi la Zinki

Tangi la zinki lilikuwa likichemka bila moto. Umeme ukipita ndani ya maji yale ya soda kali, sehemu yake ilivisha vyuma zinki, na sehemu nyingine ilizaa hewa ya haidrojeni. Viputo vilipanda vikapasuka juu, vikarusha matone ya soda yasiyoonekana kwa macho, na matone hayo ndiyo yaliyokwaruza makoo ya mafundi. Wenyewe walikuwa na dawa yao: sabuni ya maji. Ukimimina, povu linatanda kama blanketi, koo linapumzika. Ila haidrojeni nayo hukwama humo humo kwenye povu, ikingoja cheche. Na cheche haikuwa mbali, maana hapakuwa na fundi aliyezima umeme kabla ya kuinua fremu ya vyuma kutoka kwenye fimbo ya shaba inayopitisha umeme. Kuzima kulisimamisha fremu zote, na tajiri mwenye karakana hakupenda kuona kazi imesimama. Basi tangi likilia pa! mafundi walicheka. "Mzee amepiga chafya."

Siku lilipopiga chafya kubwa, lilimkuta fundi mmoja ameinamia fremu. Soda ilimmwagikia usoni na kifuani. Alipelekwa hospitali, hakurudi. "Uzembe wake mwenyewe," tajiri alisema pale pale msibani, kikombe cha chai mkononi.

Mke wa marehemu aliendelea na kazi yake katika karakana hiyo hiyo, kufunga makomeo ya milango kwa waya kwenye fremu. Benchi lake aliligeuza ili alipe tangi mgongo. Aliyesimama tangini sasa alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, mtu wa maneno mengi na kifua kibovu.

Asubuhi moja mjane alimsikia anakohoa, kisha akasikia dumu la sabuni likigugumia. Akageuka. Povu lilikuwa limefika ukingoni.

"Shemeji, hilo povu unafulia mablanketi ya jeshi zima?"

"Niache nipumue, shemeji. Kifua kinawaka."

"Basi zima umeme kabla ya kuinua."

"Zima, washa, zima, washa! Mimi fundi au mlinzi wa swichi?"

"Mwoe kabisa hiyo swichi!" fundi mmoja alidakia, na karakana nzima ikacheka.

Mjane hakucheka. "Kaka yako naye alikuwa mcheshi."

Kicheko kikafa. Shemeji alipangusa mikono kwenye aproni, akaipangusa tena. "Kaka siku yake ilifika. Siku ya mtu ikifika, inamkuta hata kitandani."

"Siku ya kaka yako ilimiminwa kwa dumu, mimi naona."

Sikio la kufa halisikii dawa. Shemeji alinyoosha mkono kwenye fremu. Mjane akainuka, akaenda ukutani, akazima. Mshale wa kipimo ukaanguka kwenye sifuri.

"Inua sasa."

Aliinua, akatundika nyingine. Mjane akawasha. Fremu ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu, huku makomeo yakirundikana benchini pake bila wa kuyafunga. Ndipo tajiri alipotoka ofisini.

"Nani anachezea umeme?"

"Mimi."

"Wewe kazi yako waya."

"Ni kweli. Lakini wa kwetu aliyebaki ni huyu."

"Mama, msiba hauletwi kazini. Nenda nyumbani ukapumzike."

Kila mtu pale alijua maana ya kupumzika. Mjane alimwangalia shemeji yake, na shemeji akaangalia povu.

"Nenda tu, shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Mmoja wetu lazima abaki."

Mjane alivua glavu, akatoka. Nyumbani hakwenda. Alizunguka nyuma ya karakana, akasimama penye dirisha la feni, akatega sikio. Mashine ya umeme ilikuwa ikinguruma. Ikanyamaza, fremu ikagonga chuma, ikanguruma tena. Moyo ukamtulia kidogo. Kisha fremu nyingine ikagonga, na ngurumo haikukatika. Wala kwa ile iliyofuata. Alibaki ameegemea ukuta, kila mgongano ukimpita mwilini, hadi mafundi walipotoka.

Shemeji yake alitoka wa mwisho, macho mekundu.

"Bado upo?"

"Nilikuwa nakusikiliza. Ulizima mara moja tu."

"Tajiri alileta kiti, akakaa chini ya swichi. Ningemwinua?"

"Na lile povu?"

"Nililichota povu kwa ndoo," alisema shemeji. "Lote, nikamwaga. Sabuni nimeikataa. Hewa inatoka, inakwenda zake."

"Na soda je?"

Alitaka kujibu kwa mzaha. Midomo ilishaanza kutabasamu. Kikohozi kikamkatiza. Alishika ukuta, akainama, akakohoa hadi akatema mate mazito, akayafukia kwa kiatu upesi ili yasionekane.

"Twende," alisema.

Wakashika njia. Alikuwa akisimama kila mara kukohoa, na mjane akisimama naye, mkono wake mgongoni pa shemeji, akizihisi mbavu zinavyopanda na kushuka. Mara mbili mjane alifungua mdomo amwambie kesho amimine sabuni, kidogo tu. Mara zote mbili aliufunga.

"Tembea polepole," alisema mwishowe. "Hatuwahi popote."