Kura ya Papa Wouter

Jeannine alipoambiwa kwamba huko Uholanzi wastaafu wana chama chao cha siasa, alicheka mpaka akaweka pasi chini.

"Wazee kwetu hawana chama, Papa Wouter. Wako na watoto."

Papa Wouter naye alicheka, ila si sana. Kiswahili alikipata Shinyanga, alikochimba visima ujana wake wote. Uzee ulimkuta Midrand, Afrika Kusini, alikohamia kwa ajili ya mke wake, mwenyeji wa hapa, ambaye sasa ni marehemu. Watoto wake wako Ulaya. Jeannine, mama wa Uvira, Kongo, ambaye mzee alimwita Mama Carmel kwa jina la bintiye, ndiye aliyempikia, akamfulia na kumfunga kamba za viatu.

Chama chenyewe kilikuwa kidogo, kiti kimoja tu bungeni, na hata kwao watu walikifanyia mzaha. Mzee alikipenda hivyo hivyo.

"Mama Carmel, siku hizi ni chama hiki peke yake kinachoniuliza naonaje."

Siku ya mwisho ya kupiga kura alivaa tai, akatia bahasha ya kura mfukoni, akala chakula cha mchana, kisha akakaa barazani kusubiri gari. Ubalozini Pretoria mwisho wa kupokea kura ulikuwa saa tisa. Usingizi ukampitia palepale kitini.

Pitchou, mdogo wake Jeannine, akafika na gari akipiga honi.

"Zima! Muzee amelala."

"Yaya, dada yangu, tutachelewa. Ma-robot ya Pretoria iko mingi, kila moja na taa yake nyekundu."

"Tungojee. Muzee hawamulamushake."

Ndivyo alivyolelewa. Kwao mzee aliyelala haamshwi, hata mvua ikiwa inanyeshea mihogo iliyoanikwa, ataamka mwenyewe. Jeannine akamfunika miguu kwa kitenge chake, akajiona ametenda jambo jema. Heshima gani ile ya kijinga! Laiti angemgusa bega tu.

Mzee aliamka saa tisa imeshapita. Akatazama saa, akaipapasa bahasha.

"Mbona hukuniamsha?"

"Nilikuheshimu, Papa."

Jeannine alitamani afokewe. Mzee hakufoka. Alifungua tai yake taratibu, akaikunja.

"Najua," alisema. "Wanangu nao hawanipigii simu. Wanasema hawataki kunisumbua."

Chama kilipoteza kiti chake. Kura moja isingekiokoa; Pitchou alimwambia hivyo dada yake mara chungu nzima, na maneno yale hayakumsaidia kitu. Majuto ni mjukuu, na huyu wa Jeannine alikuja akakaa. Aliona haya hata kumpelekea mzee chai.

Jumapili, alipotoka kanisani, alipiga simu Uvira kwa baba yake. Alikuwa hajampigia tangu Pasaka, akijidanganya kwamba anamwacha apumzike. Simu iliita sana, mwishowe akapokea shangazi yake, Arlène.

"Baba yako amelala, mwanangu. Nimuache?"

"Hapana, tantine," Jeannine alisema. "Umulamushe."