Siku Tulipokuwa Nyumba

Mwezi wa pili mwaka 1956, baada ya dhoruba ya siku tatu, kisima cha kina Gooch kilitokeza ufukweni kwetu Scarnham, kijiji cha pwani ya Uingereza. Genge la udongo juu ya ufuko lilikuwa limemeguka tena, bahari ikausomba udongo wote uliokizunguka, kikabaki kimesimama peke yake mchangani kama dohani isiyo na nyumba. Lilikuwa duara la matofali mekundu, refu kumzidi mtu mzima. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Niliona kisima hicho pamoja na rafiki yangu Beryl tulipoteremka kuokota kuni zilizoletwa na maji, na kwa kuwa hatukujua ni kitu gani, tulibishana.

"Ni choo cha Warumi," Beryl alisema.

"Choo gani kirefu hivyo?"

"Labda walikuwa watu warefu."

Scarnham nusu yake ilikuwa baharini tangu zamani. Baba yangu alizoea kusema kwamba kijiji chetu kina majirani wengi, ila wengine ni samaki. Kila mtoto alijua kuwa mbele ya nyumba za mwisho palikuwa na mtaa mzima, na kanisa, na duka la mkate. Ila ukiuliza vilikuwa wapi hasa, wazee walinyoosha viko vyao kuelekea majini, kisha wakaendelea na habari za viazi.

Mwalimu wetu, Mwalimu Pettit, alikuwa mgeni. Alitoka bara, mahali ambapo nyumba hukaa palepale ilipojengwa, na mambo haya yalimshangaza sana. Tulipomweleza kesho yake asubuhi, aliacha hesabu ubaoni, akasema hicho ni kisima, akauliza ni cha nani. Clifford Rix, ambaye baba yake alikuwa na punda wa kupandisha watoto wa wageni ufukweni wakati wa kiangazi, akasema, "Muulize Bi Hester Gooch, Mwalimu. Atakufokea, lakini anajua."

Nikatumwa mimi, kwa sababu tulipakana naye. Bi Hester alikuwa na miaka sabini na minane, hakuolewa, na nyonga zake zilikuwa mbovu kiasi kwamba hakuwa ameteremka ufukweni kwa miaka kumi na moja. Nilimkuta jikoni akimenya viazi. Nikamwambia.

"Matofali rangi gani?" aliuliza bila kuinua macho.

"Mekundu, Bi Hester."

"Yote?"

"Karibu na juu kuna safu mbili za meupe."

Akaweka kisu mezani. "Baba aliishiwa na mekundu," alisema. "Mama alimsema kwa hilo mpaka anaingia kaburini. Sasa sikiliza, Avis. Mwambie huyo mwalimu wenu nataka kwenda kukigusa. Sijui nitafikaje, hilo ni lake yeye, si kasoma?"

Mwalimu Pettit alimwendea Bwana Rix, na Bwana Rix akasema punda wake wamekaa bure tangu mwezi wa tisa wakinenepa, hivyo kukokota mkokoteni hakutawadhuru. Ikachaguliwa Alhamisi, siku ya bamvua, ambapo maji yangekupwa mbali sana saa saba mchana. Shule nzima ingekwenda. Shule nzima ilikuwa watoto kumi na wanane.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Mwalimu Pettit, kwa ugeni wake, hakulijua. Mkabala na Bi Hester, ng'ambo ya njia, aliishi Mzee Walter Catchpole, seremala aliyestaafu, na wawili hao hawakuwa wamesemeshana tangu mwaka 1898. Haikuwa siri. Waliketi kanisani benchi moja, kila mmoja kwenye ncha yake. Ikiwa lango la Mzee Walter linagonga kwa upepo, Bi Hester alitoka mlangoni akanitafuta. "Mwambie jirani lango lake linanitia wazimu." Nami nilivuka njia hatua nane kumwambia mtu aliyekwisha kusikia. Mzee Walter alijibu, "Mwambie nimemsikia," nami nikavuka kurudi. Nilipomuuliza mama chanzo chake, alisema ni habari ya nguruwe, kisha akanituma nikaanue nguo.

Alhamisi tulimpakia Bi Hester kwenye mkokoteni, amekalia kiti chake mwenyewe cha jikoni kilichofungwa kwa kamba, na blanketi mbili magotini. Punda waliteremka polepole kwenye mwanya wa genge, Bwana Rix akiwashika hatamu na kuwaambia maneno ambayo Mwalimu Pettit alijifanya hayasikii. Tulipofika chini tukamwona Mzee Walter amekwisha kufika, amesimama karibu na kisima na fimbo yake, amevaa koti la kanisani.

Bi Hester alimtazama, akageuza uso. "Nisogezeni mpaka hapo," alisema.

Alishuka kwa kushikiliwa kwapani. Aliweka viganja vyote viwili juu ya matofali, akayapapasa kama mtu apapasaye shavu la mtoto mwenye homa. Hakulia. Alisema tu, "Kazi mbaya, Baba. Lakini imesimama." Kisha akageuka, akaipa kisogo bahari, akaanza kutazama mchanga kulia na kushoto.

"Kama kisima kiko hapa," alisema, "basi mlango wa jikoni ulikuwa pale. Wewe, mwenye pua nyekundu. Kasimame pale."

Clifford akasimama.

"Wewe ni nyumba yetu. Usicheke, ilikuwa nyumba ya heshima. Na wewe, msichana mnene, hatua ishirini kule. Wewe ni kina Larter."

Hapo Mwalimu Pettit alielewa kabla yetu sote. Alitoa daftari akaanza kutupanga. Mmoja mmoja tukawa nyumba. Beryl akawa duka la mkate, akajivuna kupita kiasi. Mapacha wa kina Youngs wakawa kanisa, mmoja mnara, mmoja mlango. Bi Hester alikaa katikati kwenye kiti chake, tulichokuwa tumekiteremsha, akielekeza kwa kidole, na mtaa ukainuka juu ya mchanga mtupu mbele ya macho yetu. Mimi nikawa nyumba ya babu yangu mkubwa, ambayo sikuwahi kujua ilikuwapo, na Bi Hester akaniambia nisimame nimeinama kidogo upande wa kushoto, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

"Avis," Mzee Walter alisema, akiwa bado kando ya kisima. "Mwambie kina Larter walikuwa upande wa pili wa njia."

Nikamtazama Bi Hester.

"Mwambie," alisema Bi Hester, "kwamba nimezaliwa hapa na najua jirani zangu."

"Mwambie mimi nilizaliwa hapohapo, na mlango wa kina Larter niliutengeneza kwa mkono wangu."

"Mwambie ulikuwa unakwama."

"Mwambie ulikuwa unakwama kwa sababu nyumba ilikuwa inalala upande!"

Nilikuwa nyumba, na nyumba haiwezi kwenda huku na huku kupeleka maneno. Miguu yangu ilikuwa imeloa na nilisikia baridi. Nikasema, kwa sauti iliyonishangaza mimi mwenyewe, "Jamani, si mnasikiana?"

Mwalimu Pettit akafunga daftari taratibu. Bwana Rix akaanza kukagua kwato za punda ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Mzee Walter alikuja mpaka kwenye kiti. Alitembea polepole, fimbo ikizama mchangani kila hatua. Alipofika hakujua aweke wapi macho, akayaweka kwenye kisima.

"Hester," alisema. "Sakafu haikuwa imekatika."

Nilikuwa karibu, nikasikia yote. Baadaye mama alinijazia yaliyobaki. Asubuhi ile ya mwaka 1898 ukingo wa genge ulipofika uani kwa kina Gooch, kijiji kizima kilikuja kutoa vyombo. Ndani ya kabati la mama yake Hester kulikuwa na Biblia iliyoandikwa tarehe za kuzaliwa za watoto wote, na ndani ya Biblia picha ya Alfred, mdogo wake Hester, aliyekufa akiwa na miaka sita. Ilikuwa picha yake ya pekee. Hester alimwomba Walter, aliyekuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, aingie mara moja tu aitoe. Walter aliingia. Akatoka kwa mlango wa nyuma akiburuta nguruwe, akasema sakafu ya chumbani imekatika. Nyumba ilisimama nusu saa nzima baada ya hapo, watu wote wanaiangalia, ndipo ikaanguka.

"Nilifika jikoni," Mzee Walter alisema. "Nikasikia mbao zinalia. Kabati nililiona. Lilikuwa mbali nami kama wewe ulivyo mbali na punda yule. Nikashindwa. Nguruwe alikuwa pale uani, nikamshika ili nitoke na kitu."

Upepo ulikuwa unapeperusha ncha ya blanketi, Bi Hester akaishika.

"Alikuwa nguruwe mzuri," alisema hatimaye. "Tulimla mpaka Pasaka." Kisha akasema, "Walter, mimi nilikuwa na miaka ishirini. Miguu yangu ilikuwa na nguvu kama yako. Unafikiri kwa nini nilikutuma wewe?"

Mzee Walter akamtazama sasa.

"Niliogopa," alisema Bi Hester. "Nilisimama njiani na mikono yangu miwili mizima, nikamtuma mtoto wa watu. Ilikuwa rahisi zaidi kukukasirikia wewe."

Mapacha wa kina Youngs walikuwa wamechoka kuwa kanisa na mmoja alikuwa amechutama. Bahari ilikuwa bado mbali, ila mstari wa povu ulikuwa umeanza kurudi.

"Nimemsahau sura," Bi Hester alisema. "Alfred. Najua alikuwa na nywele za njano kwa sababu Mama alikuwa akisema. Lakini mimi mwenyewe simwoni tena. Na wote waliomjua wamekwisha."

"Mimi nipo," alisema Mzee Walter.

Bwana Rix alisema maji yanakuja na punda hawaogelei, hivyo tukampandisha Bi Hester. Mzee Walter alitaka kupanda njia ya genge kwa miguu, lakini Bi Hester akamwambia asijifanye kijana, apande mkokoteni. Akaketi ubaoni miguuni pake, fimbo magotini, akianza kueleza. Tulitembea nyuma yao, nami nilijisogeza karibu makusudi.

"Alikuwa na pengo hapa mbele," Mzee Walter alikuwa akisema. "Alianguka kwenye ngazi za kwetu. Na sikio moja lilikaa nje kuliko lingine, la kulia."

"La kushoto."

"La kulia, Hester. Mimi ndiye niliyekuwa nikimvuta."

"Ulikuwa ukimvuta?"

"Kidogo tu. Alikuwa akiniibia misumari. Alisema anajenga meli."

Bi Hester akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya siku ile. Ulikuwa mcheko mzito, wa kukohoa, na punda mmoja aligeuza masikio. "Meli," alisema. "Ee, naikumbuka. Alisema atanipeleka Uholanzi nikanunue jibini."

Mchana ule tulirudi shuleni, Mwalimu Pettit akatuvua soksi zote na kuzitundika kuzunguka jiko la makaa, akatuchomea mkate na kuupaka mafuta ya nyama. Darasa lilinuka sufu mbichi. Kila mmoja alichora nyumba aliyokuwa, na kwenye karatasi moja kubwa tukaziunganisha kuwa mtaa. Kina Larter tuliwaweka upande aliosema Mzee Walter, baada ya Bi Hester kutuma ruhusa. Ruhusa hiyo aliileta Mzee Walter mwenyewe, na alikaa kusimamia uchoraji wa mlango.

Kisima kilianguka wiki tatu baadaye. Hatukukiona kikianguka. Asubuhi moja kulikuwa na matofali yametawanyika, meupe na mekundu, na kila familia ikachukua moja ya kuzuilia mlango. Bi Hester aliishi miaka mitano zaidi. Jumapili aliendelea kukaa kwenye ncha yake ya benchi, na Mzee Walter kwenye yake, kwa kuwa kila mmoja alikwisha kuzoea mahali pake. Lakini siku za wiki, kila baada ya chakula cha mchana, nilimwona Mzee Walter akivuka njia hatua nane kwenda kwa Bi Hester, akiingia jikoni bila kubisha hodi.