Muuza Rubisi Asiyeonja

Watu wa Kanazi wana midomo. Nasema mimi Leonsia, niliyezaliwa hapa na kuolewa hapa, na midomo hiyo nimeinywesha tangu nikiwa msichana. Rubisi yangu imekaa kwenye misiba yao, kwenye ubatizo wa watoto wao na kwenye mahari za mabinti zao. Hakuna aliyewahi kunirudishia dumu akilalamika. Halafu wakaamka siku moja wakaanza kunitazama kama mtu aliyeficha kitu kwenye khanga.

Pombe ya ndizi si kazi ya ajabu. Migomba iko nyuma ya kila nyumba, na kila mwanamke hapa anajua kukamua. Kwa hiyo mteja hakufuati kwa sababu ya utamu tu, anakufuata kwa sababu anakuamini, na imani hiyo mimi niliijenga kwa miguu yangu. Mtu akifiwa nafika kabla hajaagiza chochote, nachota maji kama wengine. Najua nani anaitaka ikiwa bado tamu na nani anaitaka ikwaruze koo. Mtama wangu nakaanga na kusaga mwenyewe. Na zaidi ya yote, naonja.

Kwetu aliyetengeneza pombe huonja kwanza. Anavuta mrija mbele ya macho ya watu, anameza, ndipo anampa mwenzake. Wazee wanaita kusogongera. Maana yake ni kwamba kama kuna kitu humu ndani, nitangulie mimi. Asiyeonja, hata awe dada yako wa tumbo moja, pombe yake unaimwaga shambani.

Basi mimi nikaacha kuonja.

Sababu nilikuwa nayo, na ilikuwa yangu. Nilikuwa na mimba. Mbili za kwanza zilitoka, na ile ya pili nilikuwa nimeshaitangaza, kwa hiyo nililia huku majirani wakinihesabia makosa: alibeba mzigo, alimkosea mama mkwe, alitembea juani. Safari hii nesi wa zahanati aliniambia nisiguse pombe hata tone. Mimi na mume wangu Gaspari tukakubaliana tusimwambie mtu mpaka tumbo lijiseme lenyewe. Nikadhani wateja wa miaka yote hiyo hawataniuliza kitu. Kama ni ujinga, sawa, ulikuwa ujinga.

Wa kwanza kuliona ni Bernadetha, muuza pombe mwenzangu wa ng'ambo ya barabara. Yake huongezewa maji, kila mtu anajua. Hakunisingizia kitu, mwerevu yule. Alikuwa anauliza tu, akipita sokoni na kapu lake, "Jamani, mbona Leonsia siku hizi haonji?" Anauliza, anaondoka. Kabla mtama wangu haujaisha, wanaume waliokuwa wakinywea kwangu wakawa wanavuka barabara.

Hapo ndipo Mama Domisiana alipotuma neno kwamba anakuja. Mumewe ni mzee Ntakirutimana, na kijana wao alikuwa anaoa kijiji cha Bisibo. Pombe ya kupeleka ukweni nilikuwa nimeahidiwa mimi kuitengeneza tangu zamani, na tayari ilikuwa inachacha mtumbwini, kwenye gogo lililochongwa la kuivishia pombe. Rubisi haingoji mtu. Asipoichukua yeye, imeharibika, na anachokataa Domisiana kinakataliwa na Kanazi yote. Ningekunja mikeka yangu nikalime vibarua, na tumbo hili.

Alikuja na wanawake wa ukoo wao, na nyuma yao Bernadetha, eti anasindikiza. Nikapiga magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakukaa kwenye kigoda nilichomsogezea. "Nimekuja kuonjeshwa."

Nikachota kwenye kibuyu, nikatia mrija. Nikaweka mrija mdomoni, nikavuta mashavu ndani, nikaubana kwa ulimi pombe isipande. Nikapangusa midomo, nikampa.

Hakupokea.

"Koo halijapanda wala halijashuka," alisema. "Unanifanya mtoto?"

"Nimeonja, mama."

"Onja tena. Nikuone."

Wale wanawake wakasogea. Mmoja akasema kwa sauti ya kunong'ona ambayo kila mtu alipaswa kuisikia kwamba hata mama yangu alikuwa na mkono wa kutilia watu sumu. Mama yangu amelala kaburini, hakumdhuru hata kuku. Bernadetha akakunja mikono yake safi, akasema kwa huruma, "Msimlazimishe. Labda anajua mwenyewe alichoweka."

Nilitamani kummwagia kibuyu kizima kichwani.

Domisiana akaninyooshea kidole. "Leonsia, mimi nakwenda kwa watu wasionijua. Nitaweka pombe hii mbele ya baba zake yule binti. Mmoja wao akiumwa tumbo, hata kama ni kwa maharage yake mwenyewe, mwanangu atalala na mke anayemwogopa. Nimekunywa kwako miaka yote. Leo unanibania mrija. Kwa nini?"

Nikatazama mrija. Funda moja tu, nikawaza. Funda moja nani atajua? Halafu nikakumbuka ile ya pili ilivyotoka, na hasira ikanipanda mpaka machoni.

"Nina mimba," nikasema. "Mbili zimeshanitoka, mnajua, mlizizungumza vya kutosha. Nesi amenikataza hata tone. Nilikuwa nimeificha kwa sababu yenu. Haya, nimewaambia. Kama hamtaki pombe yangu ondokeni uani kwangu, na wewe Bernadetha utangulie."

Nilikuwa nalia na sikutaka kulia mbele yao.

Domisiana akaninyang'anya kibuyu. Akavuta mrija, akavuta sana, koo likipanda na kushuka waziwazi, mpaka mrija ukakoroma kwenye mashapo. Akajipangusa kwa kiganja.

"Imezidi uchachu," akasema. "Tutakuja kuichukua Jumamosi asubuhi na gari letu, na wewe utakaa mbele kwa dereva." Kisha akawageukia wenzake. "Neno la mimba likitoka nje ya ua huu, aliyelitoa asije kwangu hata kwenye msiba. Bernadetha, umesikia, au nirudie?"

Bernadetha akasema amesikia. Alivuka barabara akiwa na haraka.

Msidhani nilifurahi. Mteja nilimpata, lakini siri yangu ilikuwa imemwagwa uani mbele ya watu ambao nisingewapa hata chumvi. Usiku sikulala, nikimlaani yule mama kwa kila jina ninalolijua.

Jumamosi tukafika Bisibo. Madumu yakapangwa kwenye nyasi, watu wa ukweni wamekaa upande wa pili na nyuso za kutafuta kasoro. Ule uvumi kwamba sionji ulikuwa umefika kabla yetu, sijui kwa mguu wa nani. Baba mdogo wa binti akasimama.

"Pombe tumeiona. Tunasikia aliyeitengeneza yuko hapa. Aje aonje."

Macho yote yakaniangukia. Niliwaza, sasa itabidi niseme tena, huku, mbele ya ukumbi mzima wa wageni.

Domisiana akasimama kabla yangu, akaenda kwenye dumu la kwanza.

"Naonja mimi," akasema.

"Kwa nini yeye asionje?"

"Kwa sababu nimesema naonja mimi. Huyu ni mwanangu. Pombe yake ikiniua, mtanizika hapa hapa na mahari mtabaki nayo."

Akanywa. Akaenda la pili, akanywa, akimkazia macho yule baba mdogo. Hakuruka hata dumu moja, na hakumeza kidogo kidogo kama watu wanavyoonja. Alimeza kila mtu aone. Mzee Ntakirutimana alijifunika uso kwa kofia yake.

Alipofika la mwisho alikuwa anayumba. Nikamwendea nikamshika mkono, bado nikiwa nimemkasirikia, nikamwambia, "Mama, inatosha, kaa chini."

"Niache," akasema, "bado hawajaniamini," akainama tena kwenye mrija.