Mguu Uliomsimamisha Nyikang

Siku ya sita tangu tuondoke Akurwa, goti langu la kushoto liliniacha. Lilikuwa limenionya mara mbili asubuhi ile, na mara zote mbili nililinyamazisha kwa kuegemea mguu wa kulia. Mara ya tatu halikuonya. Tulikuwa tunapita mbele ya boma la mjane mmoja, jua liko utosini, nikahisi mguu umekatika kama bua la mtama. Nikapiga goti, nikakita mlingoti ardhini usije ukaanguka.

Ngoma zikanyamaza.

Mlingoti ule ndiye Nyikang. Umevikwa gome la mti na taji la manyoya ya mbuni, na mgeni akiuona atasema ni sanamu. Sisi humwita kwa jina lake, kwa sababu mfalme wetu wa kwanza hakufa. Alitoweka ndani ya upepo. Reth, mfalme wetu, anapofariki, Nyikang hutoka Akurwa akabebwa kijiji kwa kijiji hadi Pachodo, na huko ndiko humkamata mfalme mpya na kumketisha kwenye kigoda. Pasipo yeye hakuna Reth, na pasipo Reth sisi husema hakuna nchi. Safari hii tulikuwa tumekaa bila nchi mwaka na nusu, kwa ajili ya vita. Watu walikuwa wamechoka, hata ngoma zilikuwa zimechoka.

Ukoo wetu ndio hubeba. Baba yangu alibeba mara mbili. Alinifundisha kila hatua: namna ya kushika, namna ya kugeuka, namna ya kupumua ukivuka tope. Jambo moja alilirudia sana. Nyikang akisimama mwenyewe mahali, ameomba chakula. Mwenye boma hutoa ng'ombe, na ng'ombe huyo huchomwa mkuki palepale kabla safari haijaendelea. Hakuna anayekataa, na sijawahi kusikia aliyetaka kukataa.

Mjane alitoka nje akijifunga kitambaa kiunoni. Jina lake Ayang. Alimtazama Nyikang, akanitazama mimi niliyepiga goti, kisha akageuka kutazama zizi lake. Mlikuwa na ng'ombe mmoja, jike, mwekundu mwenye doa jeupe tumboni.

"Babu," akamwambia Nyikang, "ng'ombe wote wa nchi hii umewaruka, umemwona huyu wangu? Na mwenyewe anakohoa."

Watu wakacheka kidogo, kwa heshima.

"Huyu nilijificha naye kwenye matete siku tatu," akaendelea. "Mabomu yanalia, mimi nimemfumba mdomo kwa mkono. Mume wangu sikuweza kumfumba, nikampoteza. Haya. Ni wako. Mchukueni."

Akaenda mwenyewe kufungua zizi. Hakulia.

Twong, mkubwa wa msafara wetu, aliinama kando yangu kunipangusa jasho. Yeye ni mtu wa maneno machache, tena ana masikio mazuri. Nikamnong'oneza, "Mjomba, hakusimama yeye. Ni goti langu. Kile kipande cha kombora kilichobaki ndani tangu vitani kimesogea."

Twong akaendelea kunipangusa.

"Goti la nani?" akauliza.

"Langu."

"Tangu tulipotoka Akurwa una goti lako wewe?"

"Mjomba, sikutanii. Huyu mama ana ng'ombe mmoja."

"Nimemwona. Mimi si kipofu." Akatazama taji la manyoya juu yetu. "Nani amekwambia Nyikang hawezi kutumia goti bovu? Kwani tumembakizia mazima mangapi?"

Inawezekana Twong alisema kweli. Nilijaribu kukumbuka kama nilisikia chochote wakati ule naanguka, uzito mgeni au ubaridi, kama baba alivyosimulia kuhusu Nyikang anaposimama mwenyewe. Nilisikia maumivu tu, lakini huenda hata baba alisikia maumivu akayapa jina jingine.

Ng'ombe alikwisha kutolewa. Mwenye mkuki alikuwa Othow, mbebaji wa zamu baada yangu, kijana mwenye miguu mizuri kuliko sisi sote. Alisimama akingoja Twong ainue mkono. Ng'ombe akakohoa. Ayang akamkuna nyuma ya sikio, akamwambia, "Tulia basi, mama. Ni wageni tu."

Nikafikiri hivi. Kama kusimama kwake ni neno, basi kuondoka kwake pia ni neno. Akienda kabla ya mkuki, hakuomba kitu. Hilo baba hakunifundisha, lakini halikupingana na aliyonifundisha.

Nikashika mlingoti kwa mikono miwili, nikainuka.

Sitaeleza sana maumivu yale. Niliona weupe, kisha nikaona njia. Nikapiga hatua ya kwanza kwa mguu wa kulia, ya pili kwa wa kushoto, na wa kushoto ukakubali. Kisha Twong akapaza sauti, "Anakwenda! Pigeni! Mmelala?"

Ngoma zikaanza. Othow akashusha mkuki bila kuchoma, akakimbia kutufuata.

Nilihesabu hatua hadi uzio wa mwisho wa kijiji. Zilikuwa mia moja na arobaini. Hapo Othow akashika mlingoti juu ya mikono yangu, nami nikaachia. Twong hakunitazama. Alisema tu, "Pumzika, mwanangu," na nikajua kwamba sitabeba tena. Msafara ukapita, vumbi likapita, nikabaki nimekaa chini.

Sikukaa sana. Ayang alinijia mbio, na alikuwa amekasirika.

"Wewe mbebaji! Ng'ombe wangu ana nini?"

"Hana kitu, dada yangu."

"Mbona Babu amemkataa mbele ya kijiji kizima? Kwa sababu anakohoa? Kesho watasema nina mkosi. Majirani zangu unawajua wewe?"

Nikapandisha nguo nikamwonyesha goti. Lilikuwa limevimba kama boga. Nikamweleza yote kwa mpangilio: onyo la kwanza, la pili, kuanguka, maneno ya Twong, kuinuka. Alisikiliza amesimama, kisha akakaa chini karibu nami, kwa uzito, kama mtu aliyetua kuni.

"Kwa hiyo hakuja kwangu," akasema.

"Sijui. Sisemi hakuja."

Ngoma zilikuwa bado zinasikika upande wa Pachodo.

"Nilikuwa nimeshamtoa," akasema baadaye. "Moyoni nilikuwa nimeshamtoa. Sasa nimrudishe vipi?"

"Polepole."

Alicheka, cheko fupi la pua. Akainuka, akaenda zake, nami nikadhani ndiyo basi. Akarudi na kibuyu cha maziwa, akaniwekea mkononi.

"Maziwa yake haya. Kunywa, usiniulize kama nampa Babu au nakupa wewe."

Nikanywa. Yalikuwa machache, bado ya moto.

"Kwenu mbali?" akauliza.

"Siku sita."

"Kwa mguu huo, kumi na mbili. Njoo ukae kivulini kwanza."