Jiwe Lililolala Kifudifudi

Hadithi hii ni kweli tupu, haina chumvi hata chembe, na mwenye shaka aende jangwani akauulize mchanga.

Ndivyo babu alivyozoea kuanza, na ndivyo alivyoanza alasiri ile kwenye kiti chake kando ya dirisha, amevaa koti alilovaa mara ya mwisho mwanawe alipooa, kidevu kimenyolewa mpaka kinang'aa kama sahani.

Hakujipamba bure. Mjukuu wake, binti aliyesomea mambo ya kale, alitafuta picha ya kutundikwa ukutani kwenye jumba la makumbusho: picha ya mtu aliye hai aliyewahi kusaga mbegu za nyasi mwitu, kama walivyofanya watu wa kale waliookota riziki yao jangwani. Babu, dereva mstaafu wa lori la kambi ya wachimbaji wa mambo ya kale, alikuwa amemkuza mtoto huyo kwa hadithi hiyo hiyo. Picha ile aliitaka kama mgonjwa anavyotaka kupona. Dereva hakumbukwi na mtu, lakini ukuta wa makumbusho hausahau.

"Lori lilikwama kwenye mkondo mkavu," alisema. "Chakula kimekwisha, profesa analia kama mtoto aliyenyang'anywa ziwa la mama. Nikatazama chini. Nikaona sisimizi, kila mmoja mkubwa kama panya..."

"Juzi walikuwa kama nzige," alisema bibi, bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akichambua.

"Wamekua, mama. Ni miaka mingi."

Mjukuu alicheka. "Endelea, mume wangu. Usimsikilize mke mwenzangu, ana wivu."

Babu akaendelea. Sisimizi walibeba mbegu za nyasi kupeleka ghalani kwao. Yeye akawafuata, akafukua ghala, akapata mbegu za kutosha kambi nzima. Na hapo karibu, penye majivu ya mafiga ya kale, palikuwa na jiwe la kusagia limelala kifudifudi. Watu wale walihama na misimu. Wakiondoka, jiwe zito hawakulibeba. Waliligeuza tu, uso chini, mchanga usiliharibu, kwa kuwa walijua watarudi.

"Tukaligeuza," alisema, na sauti yake ikashuka. "Upande wa chini ulikuwa laini kama kiganja. Mwenyewe alikusudia kurudi, masikini."

Bibi aliacha kuchambua mchele.

"Basi jiwe likaanza kuimba. Shwaa... shwaa... Jangwa zima kimya, jiwe peke yake linaimba. Mpaka leo nikifumba macho nalisikia."

"Vizuri sana," alisema mjukuu, akasimama na kamera yake. "Twende uani. Nimekuletea mawe ya kusagia na mbegu."

Babu akakohoa. "Na koti hili?"

"Livue."

Uani, babu akavuta kigoda, akaketi, akashika jiwe dogo na kulizungusha juu ya lile kubwa kama anayefuta kioo cha lori. Mbegu ziliruka huku na huku. Kuku wa jirani wakaja mbio kushukuru.

"Mume wangu, hivi ndivyo ulivyosaga?"

"Upepo wa kule ulikuwa tofauti."

Bibi alikuwa ameegemea mlango, mabega yakitikisika kwa kicheko. "Mwanangu, anayesaga hasikii wimbo," alisema. "Anasikia magoti."

Mjukuu akashusha kamera. "Huo wimbo, babu, uliusikia ukiwa wapi?"

Babu akawatazama kuku.

"Chini ya lori," bibi alimjibia. "Kivulini, kofia usoni. Na lori lenyewe lilikwama kwa sababu alikuwa anamkimbiza swala."

"Swala ndiye aliyeanza."

"Mimi nilikuwa msichana wa chekeche pale kambini, nachekecha mchanga uliochimbwa. Sisimizi niliwaona mimi. Yeye alisaidia kuligeuza jiwe, akarudi kulala."

"Sikulala," alisema babu polepole. "Nilifumba macho tu. Nilikuwa nakusikiliza. Watu wote waliomba gari la kutuokoa lifike. Mimi nilikuwa naomba lichelewe."

Bibi hakucheka tena. Akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akasema ni vumbi la mchele.

"Maneno matamu," alisema mjukuu, "lakini picha ni ya mke mwenzangu."

"Magoti yangu mimi hayasagi tena," alisema bibi. "Nipige picha nimekaa. Kusaga atasaga yeye."

Kiti cha dirishani kikatolewa uani. Bibi akakikalia, koti la babu mabegani, akaanza kusimulia kuhusu sisimizi wa kimo cha kawaida. Mbele yake, mzee mzima alipiga magoti, suruali imekunjwa, jasho linamtoka.

"Sukuma kwa kiuno, mzee," bibi alimwambia, "si kwa mdomo."

Na bakuli la mbegu lilikuwa bado limejaa.