Kikapu cha Venansi

Mimi mtu akiniambia "hayo ni majani tu", damu hunichemka. Majani ya bwawani kwetu Gasorwe nimeyasugulia sufuria tangu turudi kutoka Tanzania, maana yanakwaruza kama mchanga, na ukiyaponda yananuka kitunguu saumu. Yanaota kwenye bwawa dogo la chemchemi, maji maangavu mpaka unaona chini. Ndiyo tunayokunywa. Na bwawa hilohilo ndilo watu wa bureau, yaani ofisi ya serikali, walilotaka kulikausha wapande mpunga.

Adriano, mkuu wa kilima chetu, maana kwetu Burundi kijiji ni kilima, sikumlaumu sana. "Mama Raissa, mi niko na amri ya bureau tu," aliniambia. "Bibi wa Gitega akileta picha ya hayo majani yakiwa ndani ya maji, bon, mfereji tutaupitisha kwingine. Akikosa, lundi, Jumatatu hii, tunachimba."

Bibi wa Gitega ni Imelda. Tulikulia kambi moja ya wakimbizi kule Kigoma. Leo yeye anafundisha mambo ya mimea, mimi nalima maharage. Nilimpelekea majani kwenye chupa. Akayaweka chini ya hadubini, akayageuzageuza mpaka nikachoka kumtazama.

"Dada, huu ni mwani," akasema mwishowe. "Unaitwa kara. Hauna mizizi ya kweli wala maua. Huko kukwaruza ni chokaa iliyoganda juu yake. Unapenda maji matulivu, maangavu, na tope laini chini. Maji yakichafuka unakufa, kwa hiyo ulipo ni ushahidi wa maji safi."

"Basi upige picha humohumo chupani, uandike."

"Niandike nini kwa chupa? Lazima niuone ulipo, umesimama majini, nipige picha, nipime kina. La sivyo watasema umeutoa popote."

Nikalala kwake, na Jumamosi alfajiri tukaondoka. Kabla ya kupanda gari nikampigia mume wangu Venansi, nikamwambia mgeni yuko njiani, anakuja kuona yale majani. Akafurahi sana. Hana ubaya hata chembe yule mwanamume, na ndiyo shida yangu naye.

Jumamosi kwetu ni siku ya kazi za pamoja, kilima kizima hutoka na majembe. Tulipofika, watu walikuwa wamejipanga kando ya bwawa, wameloa mpaka mapajani, wanatabasamu. Njia ilikuwa imefagiliwa. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Venansi akaja na kikapu kilichofunikwa jani la mgomba. "Karibu, mwalimu. Tumeyang'oa yote, usije ukaharibu viatu kwenye tope. Haya ndiyo mazuri zaidi, nimeyaosha mwenyewe."

Imelda akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru kila mtu. Kisha akachutama ukingoni, akatia mkono majini. Mkono haukuonekana. Nikatamani kumkaripia Venansi mbele ya watu wote, lakini alikuwa ananitazama kwa furaha, nikashindwa.

"Tukiyarudisha?" nikamnong'oneza Imelda.

"Hayawezi kusimama tena. Na siwezi kuandika uongo, dada." Akajifuta mkono kwenye sketi. "Chembe zake za uzazi zimo humo topeni. Maji yakiachwa yatulie, mwakani utaota tena."

Mwakani! Na Adriano alikuwa ameshaleta kamba za kupimia mfereji.

Usiku Venansi akaniuliza kama mgeni ameridhika. Nikamwambia ameridhika sana. Akalala.

Jumatatu wakachimba. Bwawa likamwagika lote kabla ya jioni, likabaki tope linalopasuka juani. Venansi alisimama pale, halafu akaniambia, "Na mwalimu alivyoyapenda majani yetu. Kumbe hawakumsikiliza."

Siku hizi nateka maji ng'ambo ya kilima. Kila nikirudi, Venansi huja kunitua ndoo kichwani, na huku anaitua anawalaani watu wa bureau mpaka jasho linamtoka. Namwacha awalaani.