Karatasi ya Rasha

Vitabuni huitwa kitabu cha hundi. Talal, muuza vitambaa wa Darajani, akikiita kitabu cha cheki, na kila jani lake akiliita karatasi. Siku hizi watu wanalipana kwa simu, lakini yeye, kwa kiburi alichorithi kwa babu yake, akimwambia kila anayemletea mali, "Ntakuandikia karatasi." Dukani neno hilo ni fedha. Lakini nenda majumbani ukawaulize wanawake karatasi ni nini. Mwanamke akipewa karatasi yake, basi kaachwa.

Na mkewe Rasha alikwisha kupewa mbili. Talal ana moyo mzuri na hasira za moto wa makuti. Mara mbili alimwacha, na mara mbili akamrudia kwa machozi kabla eda haijesha. Ikabaki moja, na kila mtu anajua kuwa ya tatu haina kurudiana.

Siku moja waligombana kwa ajili ya bangili za Rasha, alizoziuza Talal ili duka lisifungwe. Talal akatoka bila ya kuaga. Alasiri akaja wifi yake, Tabia, na bahasha.

"Kaka kanambia nikupe karatasi yako."

Rasha hakuifungua. Aifungue asome nini? Alitia nguo mkobani, akenda kwa mamake Bububu, akazima simu, akakaa eda. Utamwita mjinga. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye aliumwa mara mbili.

Eda ilipokaribia kwisha, ami yake Mudrik akaitaka ile bahasha aipeleke kwa kadhi. Akaifungua. Akaigeuza karatasi, akaigeuza tena.

"Mwanangu, hii si talaka. Hii cheki ya benki. Jina lako hili, na nyuma kaandika: kanunue bangili zako."

Rasha alicheka na kulia kwa pamoja. Akaiwasha simu na kumpigia.

"Talal! Kumbe hukuniacha! Ilikuwa cheki!"

"Ulidhani nini?"

"Karatasi."



"Mie nikidhani umechukua cheki ukanikimbia. Nakupigia, simu umezima. Nikasema kama hanitaki, sendi kumbembeleza." Kutoka Darajani hadi Bububu si mbali, ni kiburi tu kilichomkalisha. "Jana nilikwenda kwa kadhi, Rasha. Nshaandika. Ya tatu."

Hapo Rasha hakuwa na wa kumlaumu peke yake. Kule kwenye simu Talal alilia mpaka akapaliwa, akawa anakohoa hata kuvuta pumzi hawezi.

"Kunywa maji, mume wangu," Rasha akamwambia.

Kisha akanyamaza, maana tangu jana hakuwa na mume.